Mubirizi umebadilishwa jina?

SWALI: Mama Mwalimu, jambo. Ninauza dawa za asili Kadutu, hapa Bukavu. Chupa zangu za mubirizi, ule mmea mchungu, nimeziandika Vernonia amygdalina, kama nilivyofundishwa. Juzi kijana wa chuo kikuu alisoma, akacheka. Eti jina hilo limekwisha, siku hizi ni Gymnanthemum amygdalinum, na sababu ni vinasaba na matunda. Mubirizi una matunda gani? Au nimekuwa nikiuza mmea mwingine? Tena nyuma ya lupango yangu kuna kichaka kinachofanana nao, ila maua yake ni ya zambarau. Nacho ni mubirizi?
Muuza dawa, Kadutu

JIBU: Papa, mmea ni uleule, na uchungu wake ni uleule. Kijana alisema kweli. Kucheka ndiko hakukuhitajika.

Jina Vernonia liliandikwa rasmi mwaka 1791, kwa kumkumbuka William Vernon, Mwingereza aliyekusanya mimea kule Maryland, Marekani. Baadaye wataalamu walizidi kuingiza humo ndugu wa mbali wa alizeti kutoka Afrika, Asia na Amerika, hata spishi, yaani aina za mimea, zikakaribia 1000. Sheria ya majina ya mimea inasema jenasi (kundi la spishi ndugu, kama Vernonia) ikigawanywa, jina la zamani hubaki na spishi iliyowekwa kuwa kielelezo chake. Kielelezo cha Vernonia ni mmea wa mashariki mwa Marekani. Basi mimea yetu ndiyo iliyohama. Kama unaona si haki, hata mimi naona hivyo, lakini bila sheria hiyo kila nchi ingevuta jina kwake.

Sasa matunda. Subiri vichwa vya maua ya mubirizi vikauke, uvisugue kiganjani. Utapata vipande vidogo vya kahawia vyenye kishungi cha nywele. Sokoni tunaviita mbegu, lakini kila kimoja ni tunda zima lenye mbegu moja ndani. Kwa lenzi ya mkono utaona mbavu zinazoshuka toka juu hadi chini, na vinyweleo kati yake. Kishungi nacho kitazame vizuri: nywele ndefu ziko ndani, na nje yake kuna nyingine fupi ambazo jicho tupu huzikosa. Ndani zaidi lazima hadubini. Harold Robinson, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Smithsonian kule Washington, alichunguza hata ukuta wa tunda, ambamo seli zina fuwele: za spishi nyingine ni ndefu, za nyingine zinakaribia mraba. Alitazama pia kitako tunda linapobandukia, na chavua. Mwaka 1999 alichapisha mpangilio uliobakiza Vernonia karibu yote Amerika. Napenda kazi ya namna hiyo, ya mtu kukaa na kitu kidogo kuliko punje ya mtama na kukiuliza maswali.

Lakini tunda nalo hudanganya. Kishungi kinatumikia upepo, na mimea miwili isiyo ndugu inaweza kukipata kila mmoja kwa njia yake, kama watoto wa nyumba mbili waliovaa sare moja ya shule. Yale majani yenye vijiti vinavyonasa nguo ukipita shambani ni Bidens. Zamani tunda lenye miiba hiyo liliwekwa Bidens, na lenye mabawa likawekwa Coreopsis. Mwaka 1993 Mesfin Tadesse, mtaalamu Mwethiopia, alizipeleka Coreopsis za Afrika ndani ya Bidens, kwa kuwa mpaka huo haukusimama.

Ndipo vinasaba vikaitwa kutoa ushahidi. Jani hukaushwa upesi, DNA hutolewa, na vipande vilevile husomwa katika spishi nyingi. Vingine hutoka kwenye kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli, ambayo katika jamii hii ya alizeti kwa kawaida hurithiwa kwa mama peke yake. Vingine kwenye kiini cha seli, chenye urithi wa mama na baba. Pande mbili zikipingana, tunashuku mseto wa zamani, yaani spishi mbili zilizozaana. Sterling Keeley na wenzake walichapisha kazi ya namna hii mwaka 2007, na Vernonia za Amerika zilijitenga na za kwetu. Hapo Robinson hakuwa peke yake tena, ingawa vitabu vingi vya Afrika bado vinaandika Vernonia.

Kwenye chupa andika hivi: Mubirizi, Gymnanthemum amygdalinum (zamani Vernonia amygdalina). Na mteja mwenye homa mwambie akapime malaria kwanza.

Kichaka chako cha zambarau sikithibitishi kwa barua. Maua ya mubirizi ni meupe, kwa hiyo usikichume kwa dawa. Kuna Vernonia lasiopus, yenye maua ya rangi hiyo, ambayo sasa iko Baccharoides, jenasi nyingine kabisa. Kata tawi lenye maua na vichwa vilivyokomaa, si majani matupu. Libane ndani ya gazeti, andika mahali na tarehe, ulipeleke Lwiro kwenye kituo cha utafiti, walinganishe na mimea mikavu iliyohifadhiwa. Ukikuta karatasi ya zamani imeandikwa Vernonia, usishangae: jina la zamani halifutwi, hubandikwa kijikaratasi kipya pembeni.