Jibu: Vifaranga wa nyama kufa ghafla, maji kwenye moyo (Masasi)

Mkuu, pole sana kwa hasara. Umeuliza kama mdondo (kideri, Newcastle) unaweza kuacha moyo wa kuku umezungukwa na maji ya manjano, na ini limevimba na kupauka. Sidhani kama ni mdondo. Kwa kuku wa nyama wa wiki 3 hadi 6, dalili hizo zinanipeleka kwenye adenovirusi (kundi la virusi vinavyoshambulia kuku), hasa aina ya 4, ile iliyozuka karibu na Karachi, Pakistani, mwaka 1987.

Virusi hivi huzaliana ndani ya kiini cha seli za ini mpaka seli zife. Havina utando wa mafuta kwa nje, na hapo ndipo penye taabu: sabuni peke yake haivimalizi, vinadumu kwenye maranda na vyombo. Hutoka na kinyesi, tena kuku mzazi huvipitisha kwenye yai, kwa hiyo mbane aliyekuuzia vifaranga. Kuku aliyewahi kupigwa na gumboro, ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya mwili, huumia zaidi.

Antibayotiki haziui virusi. Choma mizoga, toa maranda yote, nyunyiza dawa yenye iodini au formalini banda likiwa tupu. Na tafadhali, kabla hujaingiza wengine, peleka mzoga wa leo, uwe kwenye barafu, maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Mtwara, waombe wapime ini.