Kofia ya mama iliyobaki na sindano

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama alifariki mwaka jana hapa Tanga. Sandukuni mwake nimekuta kofia ya viua ambayo hakuimaliza, imefungwa kwa gazeti la Uhuru la Mei 1985, sindano bado imechomekwa. Kipande cha juu kimekamilika. Ukanda wa pembeni umeshonwa hadi katikati tu. Kwingine ni michoro ya penseli, maua na vinyota. Sote tunaamini ilikuwa ya marehemu baba. Kaka yangu aliyeko Muscat anasema hiyo ni kumma ya Kiomani na kila ua lina maana yake. Mashangazi wanasema kazi ya maiti haimaliziwi, ni mkosi. Nimepima ukanda, ni inchi 20 na robo tatu. Maua hayo yana maana gani, na niifanye nini? – Msomaji, mzaliwa wa 1979.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mama.

Tuanze na kaka. Kumma na kofia yetu ni ndugu wa tumbo moja. Watu wamekwenda na kurudi baina ya Unguja na Oman miaka mingi, na waliohamia huko baada ya 1964 walikwenda na sindano zao. Wala msigombane kwa hilo.

Kuhusu maua, nitakuvunja moyo kidogo. Nilikaa chini kushona nikiwa na miaka tisa, barazani kwa bibi yangu Ng'ambo, mjini Unguja, na ua tulilichora kwa sababu lilijaza nafasi vizuri, au jirani alikuwa nalo nasi tukaliona wivu. Wapo waliojiwekea siri zao, sikatai. Lakini siri hiyo aliijua aliyeshona na aliyevaa, na mtu wa nje akikufasiria ua kwa ua, mwachie mwenyewe.

Mimi kilichonishtua ni kipimo chako. Nimekisoma mara mbili. Ukanda ambao haujaungwa lazima uwe na nusu inchi ya mshono, kwa hiyo hapo kimebaki kichwa cha inchi 20 na robo. Mwanamume mzima huvaa 22, 23. Labda baba yenu alikuwa na kichwa kidogo kama kunazi, hujaniambia. La sivyo, hicho ni kichwa cha mtoto wa miaka mitano au sita. Wewe Mei 1985 ulikuwa na mingapi? Na mwezi ule ndio Ramadhani ilipoanzia, Idi ikaangukia Juni. Nadhani mama alikuwa anakimbizana na Idi yako.

Kwa nini hakuimaliza? Usitafute kisa kikubwa. Kiua kimoja, yaani kitundu cha nakshi, unakitoboa kwa sindano nene, unakizungushia uzi mpaka kingo zikaze, halafu unahamia cha pili, na viua ni mamia. Mtu ana chungu jikoni, ana futari ya kupika, macho yamechoka na taa ni ya kibatari. Idi ikifika, mtoto hununuliwa ya dukani; ikija nyingine, kichwa kimeshakua. Mimi mwenyewe ninazo mbili za namna hiyo kabatini, na wenyewe wana ndevu.

Mashangazi nawaheshimu, ila bibi yangu alimalizia kofia tatu za dada yake marehemu, na waliozivaa walizeeka nazo. Ukitaka imaliziwe, mpe mtu wa mkono, si wa mashine, maana mashine hukaza uzi kwa namna nyingine na nusu mbili zitavutana. Ukitaka ibaki ilivyo, pia sawa.

Lakini fanya haya wiki hii. Sindano ya tangu 1985 katika hewa ya Tanga imeshaota kutu. Usiivute kwa nguvu, itachana kitambaa cha bafta; tia tone la mafuta ya cherehani kwenye chuma tu, subiri, izungushe polepole. Na usiifue kabla hujaweka karatasi nyembamba juu ya ule ukanda, ukainakili michoro yote ya penseli, hata pale alipofuta akachora upya. Maji ya sabuni huondoka nayo.