Kuhesabu siku za mahafali kwa namba za wanamichezo: nilivyofanya mimi

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba umebakiwa na miezi miwili kabla ya mahafali, kwamba ungependa kila siku kumuenzi kwa maandishi mwanamichezo ambaye namba ya jezi yake inalingana na siku zilizosalia, na kwamba umekwama kwa kuwa namba kubwa hazina watu. Nami nilikwama hapo hapo. Nilianza siku ya 100 kwa mbwembwe, na kabla sijafika 90 nilikuwa nikiwasifu watu ambao sikuwahi kuwatazama wakicheza hata dakika moja, mradi tu jezi zao ziwe na namba niliyoihitaji. Nikaacha.

Nilianza upya siku ya 57, safari hii bila sharti la jezi: namba ingeweza kuwa ya mgongoni, ya nafasi aliyoshika mtu, au hata ya ubao wa matokeo. Ya kwanza ilikuwa ya John Stephen Akhwari, aliyeshika nafasi ya 57, yaani ya mwisho kati ya waliomaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akichechemea na bandeji mguuni baada ya kuanguka, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Siku hiyo msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura ya tatu ya tasnifu kwa mara ya nne, pembezoni kote wino mwekundu, kwa hiyo maneno hayakunipa shida. Tangu hapo nikawa natanguliza jambo lililonipata siku hiyo, ndipo namtaja mwanamichezo; wasifu mtupu wasomaji wako wataupata popote.

Namba nyingine hazina ubishi. 42 ni ya Jackie Robinson, na tangu 1997 ligi kuu ya besiboli ya Marekani imeistaafisha kwa timu zote. Kobe Bryant wa mpira wa kikapu alinipa siku mbili, 24 na 8, kwa kuwa alivaa namba zote mbili.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutoweka akiba. Nilipofika siku ya 9, kabla sijaandika lolote, chuo kilitangaza kuahirisha mahafali kwa wiki moja, nikajikuta nimerudishwa 16 na majina nimekwisha kuyatumia. Kwa 14 niliokolewa na mwanasoka Thierry Henry, kwa kuwa mwanasoka mwenzake wa namba hiyo, Johan Cruyff, nilikuwa nimemtumia tayari. Lakini kwa 11, baada ya Abebe Bikila, aliyevaa namba hiyo akikimbia peku na kushinda marathoni ya Roma mwaka 1960, kila jina nililojaribu lilipwaya. Kwa hiyo tafuta watu wawili kwa kila namba iliyo chini ya 20.

Siku ya 1 wengi humpa golikipa. Mimi nilimpa Nadia Comăneci, ambaye mwaka 1976 kule Montreal, akiwa na umri wa miaka 14, alipata alama 10 kamili katika jimnastiki, na ubao wa matokeo, ambao haukutengenezwa kuonyesha alama hiyo, ukaandika 1.00. Nilipiga picha ya joho langu likiwa limetundikwa nyuma ya mlango, bado lina mikunjo ya mfuko, na chini yake nikaandika tarakimu hizo tatu tu.