Lebo imeniita Dar, nisaini?

SWALI: Nachana hapa Mwanza, nina nyimbo sita YouTube na Spotify. Lebo moja ya Dar es Salaam inataka nisaini miaka mitatu kwa shilingi milioni 5, masta zote (rekodi zenyewe za nyimbo) ziwe zao. Kwa sasa nakula kwa shoo za Igoma na za mialoni, wanakotia nanga wavuvi. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hiyo milioni 5 kwa kawaida ni deni, na nyimbo zako ndizo zitakazolilipa. Angalia asilimia yako. Ikiwa ni 20, nyimbo ziingize milioni 25 ndipo fungu lako litoshe kulifuta. Wakikupigia video ya milioni 3 na kuiandika humohumo kwenye deni, hesabu inapanda hadi milioni 40. Mkataba unaweza kwisha hujagusa kitu, na masta zimebaki kwao. Kwa hiyo usipoteze nguvu kuomba milioni 5 ziwe 7. Komalia masta: wazikodi kwako kwa miaka kadhaa, zikurudie, na zile sita za zamani zisiguswe. Soma pia kifungu cha shoo, maana wakikata asilimia 30 mialoni, wamekata unga wa leo.

Prodyuza wa kila wimbo asaini karatasi ya mgawo (nani ana asilimia ngapi ya wimbo) kabla ya lebo kumfikia. Wimbo uliotumia biti ya bure ya mtandaoni ukague mapema. Biti hiyohiyo huenda wanayo wengine, na wimbo ukivuma, madai yatazuia mapato YouTube. Sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Mtandao peke yake haukulishi bado. YouTube hugawa mapato ya matangazo ukishapata wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au video fupi zitazamwe mara milioni 10 kwa siku 90), na Google haitumi hela kabla hazijafika dola 100. Spotify, wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi.

Tegemeo ni shoo, na mwaloni kalenda ni mwezi wa angani. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku kucha, utaimbia viti. Panga mbalamwezi inapoanza: wako nchi kavu na mgawo mfukoni. Chukua nusu ya malipo siku ya kukubaliana, nusu kabla ya kupanda jukwaani. Ukishashuka, simu ya promota huwa haipatikani.