Samaki wa friza hasemi kilichomuua

SWALI: Nafuga tilapia Ruai kwenye bwawa la karatasi ya plastiki. Wiki ya tatu hii wanakufa: wawili leo, watano kesho. Macho yamewatoka, wengine wanazungukazunguka juu ya maji kama walevi. Nimewapa antibiotiki ya agroveti, wapi! Nilipeleka mmoja maabara baada ya kumweka kwenye friza siku mbili, nikaambiwa ni Aeromonas. Niamini?
Mfugaji, Ruai

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Najua uchungu wa kuokota mizoga kila alfajiri.

Usiamini bado. Aeromonas ni bakteria anayeishi majini siku zote, na samaki akishakufa humvamia upesi hata kama si yeye muuaji. Friza nayo hudhoofisha bakteria wengine. Macho kutoka na kuzunguka vinanifanya nishuku bakteria mwingine, streptokoka, anayepanda hadi ubongoni.

Chukua samaki watatu wanaougua lakini bado wanapumua, watie kwenye mfuko wenye maji ya bwawa na hewa tele. Ondoka Ruai mapema, maana foleni ya kuja kwenye maabara yetu hapa Kabete itawaua njiani. Akifa mmoja, mzungushie barafu, usimgandishe.

Sisi huku hatugusi ngozi wala utumbo, mna bakteria wa kila namna. Twatafuta figo, ule utepe mwekundu mweusi ulionata chini ya uti wa mgongo, na ubongo. Tunapaka kwenye sahani ya kuoteshea bakteria yenye damu, tunaiacha kwenye joto la nyuzi 28 siku moja au mbili. Kisha rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria: chini ya hadubini streptokoka ni zambarau, viduara vilivyopangana kama shanga kwenye uzi; Aeromonas ni vijiti vya waridi. Ukidondosha haidrojeni peroksaidi, Aeromonas hutoa povu, streptokoka hutulia tu. Mwisho tunaweka vikaratasi vyenye dawa mbalimbali, tuone ipi inamzuia bakteria kuota.

Hiyo antibiotiki isimamishe leo, kabla ya kutuletea. Samaki aliyelishwa dawa hutuachia sahani tupu.

Na tafadhali vaa glavu. Streptococcus iniae, aina moja ya streptokoka, hupitia kwenye mkwaruzo mdogo wa mkono. Huko Toronto, Kanada, majira ya baridi ya 1995 na 1996, watu waliougua walikuwa wametoka kuandaa samaki jikoni, tilapia wakiwemo.