Maswali ya Wasomaji: Gwayule ipi inafaa Dodoma?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima, Kongwa. Tunatarajia kupata mbegu za aina nne za gwayule, kichaka cha mpira kinachostahimili ukame. Tunaambiwa aina moja hunenepa haraka. Tuichague hiyo?
*Msomaji, Kongwa*

JIBU: Ndugu zetu, msiichague kwa macho. Gwayule haigemwi kama mipira ya Muheza. Mpira wake umo ndani ya seli, hasa kwenye gome, ndiyo maana kichaka kizima hukatwa na kusagwa. Kichaka kinene huenda kikawa kuni tupu.

Mbegu zikitoka nje, ombeni kwanza kibali TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Gwayule ni ndugu wa gugu karoti, lile gugu vamizi, kwa hiyo msipokee mbegu zisizokaguliwa.

Sieni kitaluni Septemba. Mbegu ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili ziote. Kwa hiyo msizizike, zinyunyizieni mchanga mwembamba kidogo tu. Hamishieni miche shambani mvua za Desemba zikishakolea, kwenye udongo mwekundu wenye kichanga. Mfinyanzi wa mbugani hutuamisha maji, na mizizi huoza.

Gaweni shamba mafungu manne, kila fungu liwe na aina zote nne, na nafasi zipangwe kwa kura. Kila ploti, yaani sehemu ya aina moja ndani ya fungu, iwe na mistari minne ya mita 6, mita 1 kati ya mistari na sentimita 35 kati ya miche. Pimeni mistari miwili ya katikati pekee, kwani ya pembeni hufaidi nafasi na unyevu wa ziada, ikawadanganya.

Vuneni baada ya miaka miwili, mwezi Agosti, kwa sababu mpira hujijenga zaidi usiku wa baridi. Kateni sentimita 10 juu ya ardhi ili kichipue tena, mpime uzito papo hapo. Sampuli ya gramu 500 ichanganye shina na matawi. Majani karibu hayana mpira. Yakizidi, asilimia hushuka bure. Msiianike juani siku nyingi, mpira huharibika. Maabara waondoe kwanza ulimbo, ule utomvu wa kunata usio mpira, kwa kiyeyushi cha asetoni, kisha watoe mpira kwa kiyeyushi cha heksani. Wakiruka hatua ya asetoni, ulimbo utahesabiwa kuwa mpira.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme aina A ina kilo 1.2 kavu kwa kichaka na mpira asilimia 5: gramu 60. Aina B ina kilo 0.8 na asilimia 8: gramu 64. B imeshinda? Hesabuni mashimo yote mliyopanda, hata ya miche iliyokufa. Ikiwa A zilipona 90 kwa 100 na B 70, kila shimo la A limetoa gramu 54, la B 44.8 tu.

SWALI: Na ule mpira wa kisamvu, haufai?
*Msomaji, Bahi*

JIBU: Utomvu wa mti huo, ndugu wa muhogo, una mpira halisi. Wajerumani waliupanda sana nchini, bei ikaporomoka 1913, mashamba yakaachwa. Ukame hauusumbui, lakini kuugema kunataka vibarua wengi kwa utomvu kidogo. Endeleeni kuchuma kisamvu.