Riwaya kufanana si lazima iwe wizi

Mkuu, umeuliza kama mwandishi mwenzako wa hapa Dar anaweza kukushtaki kwa kuwa riwaya zenu zote mbili zina dada wa kazi wa Masaki anayerithi nyumba ya bosi. Kushtaki anaweza, kushinda ni habari nyingine. Hakimiliki inalinda namna ulivyoandika, hailindi wazo. Mfano, mwandishi Lewis Perdue alidai riwaya ya The Da Vinci Code ya Dan Brown imechota kwenye riwaya yake, Daughter of God. Mwaka 2005 mahakama ya New York ikaona kilichofanana ni mawazo ya jumla, akashindwa. (Na bosi kumrithisha dada wa kazi, jamani, nani hajaiandika?)

Kinachoponza watu ni aya zilizonakiliwa. Weka vitabu viwili mezani ulinganishe: mazungumzo yale yale, matukio kwa mpangilio ule ule, hata jina la mtaa limekosewa vile vile? Hapo hata mimi sikutetei.

Usimjibu mwandishi mwenzako kwenye magrupu ya WhatsApp, anakutafutia maneno huyo. Tunza rasimu na baruapepe ulizomtumia mhariri, zina tarehe. COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, nenda ukasajili; haki unayo tangu ulipoandika, ila cheti husaidia kwenye ushahidi.